Sarafu za Kale: za Kaisari, za Kilwa na za Nyanya Zetu

Ukimwuliza mwanafunzi wa hapa Eldoret ni wapi anapoweza kuipata fedha ya Mgiriki au ya Mrumi wa kale, atakutazama tu. Labda atasema ng'ambo, katika makumbusho ya Wazungu. Kumbe anayo kinywani mwake! Neno dinari tunalolisoma katika Biblia na katika hadithi za Alfu Lela U Lela tumelipokea kutoka kwa Waarabu, nao asili yake waliipata katika denarius, sarafu ya fedha ya Warumi. Dirhamu nayo si nyingine ila ni drakme ya Wagiriki, iliyopita Uajemi na Uarabuni ikabadilika sauti njiani. Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili walifanya jambo la kufurahisha kidogo. Yule mwanamke wa Luka 15 aliyewasha taa akafagia nyumba akitafuta sarafu yake, katika Kigiriki alikuwa na drakme kumi. Katika Biblia yetu ya Union ana shilingi kumi. Mfasiri aliwajua wasomaji wake.

Maneno mengine ya fedha yana safari zao pia. Pesa ni paisa ya Wahindi, hela ni heller ya Wajerumani wa Tanganyika, na thumni, ambayo wazee wetu wangali wakiitaja wakimaanisha senti hamsini, ni neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu moja ya nane. Lakini leo nataka tuyaache maneno tuzishike sarafu zenyewe. Kuna watu duniani, wazee kwa vijana, ambao hukusanya sarafu za Wagiriki na Warumi, wakaandikiana, wakaonyeshana na kubadilishana. Kazi yao ina utamu wake, na ina hatari yake pia. Hatari hiyo inatuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki kuliko tunavyodhani.

Kwanza tuelewe zilivyotengenezwa. Hakukuwa na mashine. Fundi alikata kipande cha madini, akakipasha moto, akakiweka juu ya muhuri uliochongwa na kukazwa katika fuawe, akashika muhuri wa pili juu yake, akapiga nyundo. Basi! Upande mmoja umepata picha na upande wa pili umepata picha. Kwa kuwa ni kazi ya mkono, hakuna sarafu mbili zilizo sawasawa. Nyingine kichwa cha mfalme kimekatwa paji, nyingine maandishi yameteleza yakaisha nje ya ukingo. Wakusanyaji hupenda sana makosa hayo.

Sarafu za mji wa Athens zilikuwa na bundi, ndege wa mungu wao Athena. Huku kwetu bundi ni mkosi, huko alikuwa mtaji. Baada ya Alexander kufa, majemadari wake walianza kuweka sura zao wenyewe kwenye fedha, na mmoja wao, Ptolemy, alitawala Misri yeye na uzao wake kwa karibu miaka 300, sarafu zao zikiwa na tai. Huko Roma, Julius Caesar alikuwa Mrumi wa kwanza kutiwa sura yake kwenye sarafu za Roma angali hai, mwaka wa 44 K.K. Hakuimaliza miezi mingi, akauawa. Tangu hapo kila Kaisari alitaka kichwa chake kiwemo mifukoni mwa watu. Ndiyo maana Yesu alipoulizwa habari za kodi aliomba aonyeshwe dinari, akauliza sura ile ni ya nani. Swali hilo ukiulizwa Kenya leo, jibu lake ni twiga. Katiba ya 2010 inakataza picha ya mtu yeyote kwenye fedha zetu, na sarafu mpya zilipotolewa mwaka wa 2018 zilikuja na wanyama: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi na ndovu kwenye ishirini.

Watu wengi hudhani kila sarafu ya kale ni mali ya ajabu. Sivyo. Sarafu ndogo za shaba za wakati wa Constantine, karne ya 4, zilitengenezwa kwa mamilioni na kuzikwa kwa mamilioni, na mpaka leo zinauzwa Ulaya kwa bei ambayo hata mwanafunzi wa huko huimudu. Umri pekee hauleti thamani. Je, ni nini basi kinacholeta thamani? Hapo ndipo kwenye kiini cha makala haya, na ili nieleze sina budi kuwapeleka pwani.

Wagiriki na Warumi walifika pwani ya Afrika Mashariki. Hilo halina ubishi. Mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyetumia Kigiriki aliandika katika karne ya 1 B.K. kitabu cha njia za bahari kiitwacho Periplus, akautaja mji wa Rhapta uliokuwa kusini katika pwani yetu. Anaeleza kwamba watu wa huko walitoa pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Nao walipokea mikuki, mashoka, visu, nyundu za kutobolea na vitu vya kioo. Msomaji makini atagundua jambo. Anapoeleza bandari za India mwandishi huyu anataja fedha, tena nyingi. Hata baadhi ya bandari za karibu na Bahari ya Shamu anasema zilipokea fedha kidogo. Anapofika kwetu hataji sarafu hata moja. Biashara ya huku ilikuwa ya kubadilishana kitu kwa kitu. Ndiyo maana kusini mwa India wakulima wamechimbua mitungi ya denarius, na huku kwetu hakuna.

Au ziko? Mnamo 1913 Mwingereza mmoja, Kapteni Haywood, alipita Bur Gavo, bandari ya kaskazini ya Wabajuni iliyokuwa wakati huo chini ya Waingereza na sasa iko Somalia. Alisema kwamba alipata huko sarafu za kale. Orodha yake ilichapishwa mwaka wa 1932, na ilishangaza: sarafu za akina Ptolemy, za Nero, za Trajan, za Constantine. Lau ungekuwa ugunduzi wa hakika, ungeandikwa katika kila kitabu cha historia tunachosoma darasani. Lakini hauandikwi, au ukiandikwa huandikwa kwa mashaka. Kwa nini? Kwa sababu katika fungu hilo hilo mlikuwa na sarafu za Misri za miaka mingi baadaye, za Wamamluki na za Waturuki. Hakuna mchoro wa mahali zilipotoka. Haijulikani zilikuwa katika shimo moja au mia, wala haijulikani kama kuna mtu aliyezikusanya kwingine akazifikisha pale. Mtaalamu Neville Chittick alikwenda kukagua mahali hapo miaka ya 1960, asikute dalili ya mji wa zama za Warumi. Sarafu zenyewe ni halali, si bandia. Ila ni mashahidi waliosimama kortini wakaulizwa, "Ulikuwa wapi siku hiyo?" wakanyamaza.

Sasa ulinganishe na kisa kingine. Mwaka wa 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, askari mmoja wa Australia aliyeitwa Maurie Isenberg alikuwa kisiwa cha Marchinbar, kaskazini kabisa mwa nchi yao. Akiwa anavua samaki aliona sarafu mchangani. Aliziweka ndani ya mkebe, akatia alama kwenye ramani mahali alipoziokota. Alama tu! Mkebe ukakaa nyumbani kwake miaka zaidi ya 30. Alipoupeleka kwa wataalamu mwaka wa 1979 iligunduliwa kwamba nne kati ya sarafu hizo ni za Waholanzi na tano ni za shaba za Kilwa. Kilwa yetu hii! Mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje huko, kama ni kwa Wareno, au kwa mabaharia wa Indonesia, au kwa njia nyingine. Lakini hakuna anayebisha kwamba zilikuwa Marchinbar, na walio na hamu wamerudi pale pale kutafuta zaidi. Kapteni alikuwa na sarafu nyingi na za fahari kubwa. Askari alikuwa na tisa na alama kwenye ramani. Mimi ningechagua za askari.

Tena za Kilwa zinahitaji habari hizo kuliko za Roma. Kaisari aliandika vyeo vyake vyote juu ya sarafu, na mtaalamu anaweza kuukadiria mwaka kwa kuvisoma tu. Sarafu za shaba za Kilwa hazina mwaka. Zina jina la sultani upande mmoja na sifa ya Mungu upande wa pili. Na hapa wapenzi wa ushairi mtege masikio: pande hizo mbili zina vina! Jina la Ali bin al-Hasan linaishia kwa sauti ile ile inayomalizia maneno ya upande wa pili. Mtawala amegeuza sarafu kuwa shairi la mishororo miwili, ukiigeuza umemaliza beti. Nimeipenda sanaa hiyo kuliko bundi wa Athens, nanyi mniwie radhi.

Kwa kuwa mwaka haumo, njia ya kuujua umri ni kutazama sarafu ililala na nini ardhini: vigae gani, shanga gani, chini ya ukuta upi. Mwaka wa 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000 za watawala wa pwani, na pamoja nazo chache za dhahabu zilizotoka nchi za Kiarabu zenye tarehe za karne ya 11. Ajuza mmoja mwenye kumbukumbu huwafumbua macho wajukuu wote. Kwa zile chache zenye tarehe, watu waliweza kusema habari za zile maelfu zisizo na tarehe. Lau fungu hilo lingegawanywa siku ile, dhahabu kwa sonara, fedha kwa watalii, leo tusingejua lolote. Katika Shanga, kisiwani Pate, zilichimbuliwa sarafu za fedha ndogo mno zilizotengenezwa pale pale pwani yetu ya Kenya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Na huko bara, katika magofu ya Great Zimbabwe, ilipatikana sarafu moja tu ya shaba ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyempokea Ibn Battuta Kilwa mwaka wa 1331. Ukiipeleka sokoni hainunui hata maziwa. Lakini imeunganisha dhahabu ya bara na meli za pwani kuliko insha kumi za historia.

Mwaka wa 2013 kikundi cha wataalamu, mmoja wa viongozi wake akiwa Mkenya mwenzetu Chapurukha Kusimba, kilichimbua kisiwani Manda sarafu ya Kichina ya Mfalme Yongle, aliyetawala kati ya 1402 na 1424. Huyo ndiye aliyetuma meli za Zheng He hadi pwani yetu. Ina tundu la mraba katikati. Mkiiona picha yake mtaikumbuka ndururu ya nyanya zetu.

Na wale wanaotamani sana Kigiriki juu ya fedha hawana haja ya kuvuka Bahari ya Kati. Wafalme wa Aksum, Ethiopia, walitengeneza sarafu za dhahabu, fedha na shaba tangu karne ya 3 hadi ya 7, na nyingi ziliandikwa Kigiriki ili wafanyabiashara wa Roma wazisome. Mfalme Ezana alipoupokea Ukristo katika karne ya 4 aliondoa mwezi mwandamo uliokuwa juu ya sarafu akaweka msalaba. Baadhi ya sarafu zao za shaba zina maneno ya kuomba kwamba jambo hili liipendeze nchi. Sijui kama kuna waziri wa fedha wa leo anayeweza kuthubutu kuandika hivyo.

Hebu sasa turudi nyumbani, maana kuna sheria. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka wa 2006 inasema kwamba kitu cha kale ni kile kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya mwaka wa 1895. Mtu akigundua kitu cha namna hiyo ardhini anapaswa kuwaarifu watu wa Makumbusho na kueleza mahali hasa alipokiona, na hairuhusiwi kukipeleka nje ya nchi bila kibali. Kwa hiyo mwenzetu wa Lamu au Malindi anayesoma hapa akiokota kipande cha shaba ufuoni wakati wa likizo, asikitie mfukoni kuja kubadilishana nasi bwenini. Hata zile pesa za Mombasa za 1888 za Kampuni ya Waingereza ziko upande wa kale wa mstari huo. Mtalii anaweza kumpa kijana noti mbili na kuondoka na sarafu ya Kilwa ndani ya pochi. Kijana amepata chakula cha siku, hilo nalijua na simlaumu upesi. Lakini ile sarafu ikifika ng'ambo imekuwa kama ile ya Kapteni Haywood, haina kwao.

Je, sisi wa Eldoret tutakusanya nini? Zipo tele, jamani! Mji huu ulipoitwa Sisibo, kwa sababu ya shamba nambari 64, fedha ya nchi ilikuwa rupia. Inasimuliwa hata leo kwamba benki ya kwanza ilipoletwa hapa mwaka wa 1912, sefu yake ilikuwa nzito mno, ikateremshwa ikashindikana kuondolewa, basi wakaijengea benki hapo hapo. Rupia iliondoka, ikaja florini ya 1920 iliyoishi muda mfupi sana, na mwaka wa 1921 ikaanza shilingi. Masanduku ya nyanya na babu zetu Turbo, Moiben, Burnt Forest na Kapsabet yamejaa sarafu za Afrika Mashariki za miaka ile, zenye matundu na zenye simba.

Ndani yake mna mambo. Tazama chini ya tarehe kwa lenzi ya maabara ya biolojia. Ukiona herufi H, imetengenezwa Birmingham kwa akina Heaton, KN ni King's Norton, I ni Bombay na SA ni Pretoria, maana wakati wa Vita vya Pili kazi iligawanywa mbali na mabomu. Shilingi ya simba kabla ya 1948 ina robo ya fedha halisi, na kuanzia mwaka huo ni shaba na nikeli tu. Mizani haitakusaidia hapo, kwani zote zina kama gramu 7.8, kwa hiyo soma mwaka. Kisha kuna ile ya 1936 yenye jina la Edward VIII. Mfalme huyo aliacha kiti kabla ya kutawazwa, na Uingereza kwenyewe sarafu zake ni adimu kupindukia. Lakini senti zetu za tundu hazikuwa na sura, zilikuwa na jina tu, kwa hiyo zilikuwa zimekwisha kutengenezwa na kusambazwa. Anayetafutwa kwa udi na uvumba London anaweza kuwa amelala ndani ya mkebe wa majani ya chai kijijini.

Usidanganywe na tarehe, lakini. Ile riale kubwa ya Maria Theresa iliyotumika pwani imeandikwa 1780, nayo iliendelea kutengenezwa kwa tarehe hiyo hiyo zaidi ya miaka 150 baadaye. Yapasa kuwa na uzito wa kama gramu 28. Mizani ya maabara ya kemia itakuambia, na ukingo wake pia utasema: sarafu bandia ya kumiminwa mara nyingi ina mstari wa kiungo pembeni na vitobo vidogo vya hewa usoni. Wala usisadiki uvumi wa mitaani kwamba shilingi 40 ya mwaka wa 2003, ile ya miaka 40 ya uhuru, inanunuliwa na mtu fulani kwa mamilioni. Ukiombwa "ada ya kumwona mnunuzi", kimbia.

Usisugue! Watu huchukua mchanga, limau au sufi ya chuma ya kuoshea sufuria wakaing'arisha sarafu hadi ikawa kama kijiko. Wamekwangua ngozi yake, na hairudi. Ishike ukingoni, itie katika bahasha ndogo ya karatasi, na juu ya bahasha uandike imetoka kwa nani, kijiji gani, yeye aliipataje, na tarehe uliyoipokea. Ikiwa nyanya alilipwa hiyo siku ya kwanza ya kuchuma pareto, andika. Maneno hayo yatadumu kuliko wino wa kumbukumbu zetu. Ukiibadilisha na mwenzako, bahasha iende nayo.

Na kuonyeshana si lazima kupokonyana. Weka karatasi nyembamba juu ya sarafu, usugue taratibu kwa penseli, na picha yote itatokea, simba na maandishi. Karatasi hiyo waweza kumtumia rafiki wa shule nyingine na sarafu ikabaki sandukuni kwa mwenyewe. Hivyo ndivyo chama chetu kinavyoweza kuwa na mkusanyo mkubwa bila mtu kuuza chochote.

Kwa sasa natafuta senti kumi ya 1936 yenye KN, pamoja na habari zake. Ninazo mbili zenye H, moja kutoka Ziwa na nyingine kutoka Iten, na mwenye kutaka kubadilishana anikute kwenye mkutano wa chama.